Damu Isiyobaleghe



Somo letu la safari hii si la twahara wala la mirathi. Ni somo la damu: vipi inazaliwa, vipi inakua, kwa nini mara nyingine inakataa kukua, na vipi wataalamu wamepata njia ya kuiamrisha ikue. Huenda mmoja wenu akasema, “Haya ni mambo ya matabibu, sheikh yanamhusu nini?” Jawabu nitaitoa kwa kisa kilichonipata mwenyewe, wala sikukieleza hadharani mpaka leo.

Miaka kadhaa iliyopita palikuwa na kijana katika darasa yetu ya baada ya Magharibi, hajatimiza miaka kumi na minane, mwenye hifadhi nzuri na adabu njema. Siku moja mama yake alinijia barazani akaniambia, “Mwalimu, mwanangu ameingia weupe, ana michubuko mwilini bila ya kupigwa, na kila asubuhi fizi zake zatoka damu. Majirani wasema amehusudiwa. Nakuomba umsomee.” Nikamsomea. Kumsomea mgonjwa ni jambo jema, na hilo silijutii. Ninalolijutia ni neno nililolisema baada ya kusoma. Nilimwambia mama yule asubiri wiki mbili tatu, tutazame.

Hazikupita siku tisa. Kijana alipofikishwa hospitali alikuwa akitoka damu ya pua isiyokoma. Tabibu aliitazama damu yake kwa hadubini, akatuambia kwamba aishuku lukemia, yaani saratani ya damu, tena ya namna ile inayoua upesi kwa kumtoa mtu damu. Kisha akaongeza neno moja lililoninyima usingizi kwa muda mrefu: kwamba namna hiyo hiyo, inayoua upesi kuliko nyingi, ndiyo iliyo miongoni mwa zinazotibika vizuri kuliko zote, maadamu mgonjwa amewahiwa. Kijana yule alifariki usiku ule. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Basi nilianza kuuliza na kusoma. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata, nami nayaandika ili mama mwingine asije akaambiwa na mwalimu mwingine, “Subiri.”

DAMU INAPOZALIWA

Ndani ya mifupa yetu mna uboho, na uboho ndio nyumba ya uzazi wa damu. Humo mna seli mama, na seli ni kile kijichembe hai kidogo ambacho mwili wote umejengwa kwacho, kama nyumba ijengwavyo kwa mawe. Kutokana na seli mama hizo hutoka aina tatu za watoto. Wa kwanza ni seli nyekundu, ambazo huchukua pumzi kutoka mapafuni na kuifikisha kila kiungo. Wa pili ni seli nyeupe, ambazo ni askari wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Wa tatu ni chembe ndogo za kugandisha damu, ambazo huziba tundu mtu anapojikata.

Seli nyekundu huishi kama siku 120 tu, kisha hufa na nyingine hushika mahali pake. Kwa hiyo mwili wa mtu mzima huzaa seli nyekundu kiasi cha bilioni 200 kila siku, usiku na mchana, naye mwenyewe hana habari.

Lakini seli haizaliwi ikiwa tayari kwa kazi. Hupita daraja baada ya daraja, kama mtoto apitavyo chuoni: huanza na alifu, akaingia katika juzuu, mpaka siku moja akahitimu. Seli ikihitimu huacha kuzaana, hufanya kazi yake, na muda wake ukifika hufa. Hiyo ndiyo desturi yake, na uhai wetu wategemea desturi hiyo.

Maradhi ya lukemia ni kuharibika kwa desturi hiyo. Kundi la seli nyeupe changa hukwama katika daraja moja. Hazikui, hazihitimu, wala hazifi kwa wakati wake, nazo zaendelea kuzaana. Ni mfano wa nyumba iliyojaa watu wazima wa miili ambao hawajabaleghe kwa akili: wanakula, wanalala, wanaongezeka, wala hapana hata mmoja anayefanya kazi. Mwaka 1845 tabibu wa Kijerumani, Rudolf Virchow, alieleza habari ya maiti ambaye damu yake ilijaa seli nyeupe kupita kiasi. Miaka miwili baadaye aliyapa maradhi hayo jina kwa lugha ya Kiyunani, na maana yake ni “damu nyeupe”.

Sasa tazama jinsi dalili zinavyofuata. Uboho ukijaa wavivu hao, seli nyekundu hukosa nafasi, na mgonjwa huingia weupe, akachoka, akahema kwa kupanda ngazi chache. Chembe za kugandisha hukosa nafasi, na fizi hutoka damu, pua hutoka damu, ngozi huvia pasipo kipigo, na mwanamke huona hedhi isiyo ya desturi yake. Askari waliokomaa hukosa nafasi, na homa humjia mgonjwa ikaondoka ikarudi. Yote matatu yalikuwa kwa kijana wetu, nasi tuliyaita husuda.

KITABU KIMOJA, MILANGO MINGI

Katika kila seli iliyo na kiini mna maandishi ya kumwongoza mwili. Maandishi hayo yamegawanywa katika mafungu 46 yaitwayo kromosomu, 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Ndani ya mafungu hayo mna jeni, na kila jeni ni kama sura ya kitabu inayoeleza jinsi ya kutengeneza kitu fulani ambacho mwili wakihitaji. Jeni za kutengeneza protini zakaribia 20,000.

Hapa pana suali ambalo mtu mwenye akili hana budi kuliuliza. Seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kile kile, herufi kwa herufi. Mbona basi moja yaona na nyingine yasafisha damu? Jawabu ni kwamba kila seli husoma milango yake tu, na milango iliyobaki huwa imefungwa. Mfano wake ni msahafu mmoja katika nyumba ya watu kumi: mmoja yuko katika juzuu ya kwanza, mwingine katika juzuu ya mwisho, na kitabu ni kimoja. Elimu ya kujua nani afungua mlango gani, na nani aufunga, na kwa amri ya nani, ndiyo elimu ya usimamizi wa jeni.

Elimu hii haikuanzia kwa saratani. Ilianzia kwa kijidudu kidogo kinachoishi matumboni mwetu. Wanachuoni wawili wa Kifaransa mjini Paris, François Jacob na Jacques Monod, walitaka kujua kwa nini kijidudu hicho hakitengenezi vitendea kazi vya kula sukari ya maziwa mpaka sukari hiyo iwepo. Mwaka 1961 walieleza siri yake: kuna mlinzi aliyekaa juu ya maandishi yale, amewafunga njia wasomaji. Sukari ikija humshika mlinzi, naye huondoka, na maandishi husomwa. Sukari ikiisha, mlinzi hurudi mahali pake. Mwaka 1965 walipewa tuzo ya Nobel pamoja na mwenzao André Lwoff.

Lau mtu angalisikia siku zile kwamba watu wenye akili zao wanashinda miaka wakichungulia kijidudu kinavyokula sukari, angalicheka. Lakini elimu haijui jambo dogo. Fikira ile ya mlinzi anayekaa mlangoni na ya ufunguo unaomwondoa ndiyo iliyokuja kutufahamisha maradhi yaliyomuua kijana wetu.

MLINZI ASIYEONDOKA

Lukemia ni jina la maradhi mengi, si moja. Namna tunayoieleza hapa ilitambuliwa peke yake mwaka 1957 na tabibu wa Norway, Leif Hillestad, aliyeandika habari za wagonjwa watatu walioangamia kwa kutoka damu kwa haraka ya kutisha. Katika namna hii seli nyeupe hukwama katika daraja moja maalumu la malezi yake, nazo zimebeba vitu vinavyovuruga kuganda kwa damu. Ndiyo sababu mgonjwa wake hafi kwa kudhoofika polepole. Hufa kwa damu, pengine ndani ya siku chache.

Mwaka 1977, Bibi Janet Rowley na wenzake mjini Chicago, Marekani, waliona katika seli za wagonjwa hawa ajabu moja: kipande cha kromosomu ya 15 kimekatika, na kipande cha kromosomu ya 17 kimekatika, na viwili hivyo vimebadilishana mahali. Ni kama fundi wa kushona vitabu aliyechanganya kurasa za vitabu viwili, akazibandika pamoja. Halikuwa jambo la kurithiwa kwa baba na mama, wala halikuambukizwa kwa jirani. Lilitukia katika seli moja ya uboho, na wote waliozaliwa nayo wakalichukua.

Katika mwaka 1990 na 1991 wataalamu wa Ufaransa, Marekani na penginepo walizisoma kurasa hizo zilizobandikana. Katika kromosomu ya 17 walikuta jeni ya mlinzi mmoja mashuhuri. Kazi ya mlinzi huyo katika seli njema ni kukaa juu ya milango ya ukuaji. Inapomfikia asidi ya retinoiki, ambayo mwili huitengeneza kwa vitamini A, mlinzi huwaachilia wafungaji walio pamoja naye, milango hufunguka, na seli huendelea kukua. Lakini katika wagonjwa hawa mlinzi amebandikwa kwenye kipande cha protini nyingine kutoka kromosomu ya 15. Amekuwa mzito, amewakusanya wafungaji wengi, na asidi ile ya kiasi cha kawaida haimtikisi tena. Mlango wa kukua umefungwa, na seli imebaki utotoni, inazaana.

Angalia vizuri jambo hili, ndugu msomaji, kwa kuwa ndilo kiini cha somo. Maandishi ya kukua hayakufutika. Seli ile yajua namna ya kukua. Kilichopotea ni idhini ya kuyasoma.

UFUNGUO

Desturi ya tiba ya saratani ya damu ilikuwa, na kwa namna nyingi ingali, kuziua seli mbovu kwa dawa kali. Dawa hizo zimewaponya wengi, wala hatuzidharau. Lakini katika lukemia hii dawa za kuua zilikuwa na hatari ya peke yake: seli zikipasuka kwa wingi humwaga vile vitu vya kuvuruga damu, na mgonjwa huzidi kutoka damu.

Mwaka 1980, Theodore Breitman na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba asidi ya retinoiki yaweza kuzikomaza seli za lukemia zilizofugwa katika vyombo vya kioo. Mjini Shanghai, China, tabibu Wang Zhenyi alikuwa akiwaza jambo hilo hilo: je, badala ya kumuua mkosefu, haiwezekani kumtengeneza? Mwaka 1985 alikuwako mtoto wa kike wa miaka 5 aliyekuwa katika hali mbaya kwa lukemia hii, na dawa za desturi zilikuwa zimeshindwa. Wang akashauri apewe asidi hiyo kwa kunywa, kwa kiasi kikubwa kupita kile mwili unachojitengenezea. Mtoto yule akapata nafuu, na akaishi.

Mwaka 1988 Wang na wenzake walitangaza habari za wagonjwa 24. Wote 24 maradhi yaliwatulia kabisa, 23 katika hao kwa dawa hiyo pekee, na mmoja alihitaji kuongezewa dawa nyingine kidogo. La ajabu zaidi ni kwamba uboho wao haukuteketezwa. Seli mbovu zilionekana chini ya hadubini zikikua, zikahitimu, kisha zikafa kifo chao cha kawaida. Mlango uliokuwa umefungwa ulifunguliwa kwa ufunguo mkubwa zaidi.

Ni haki tueleze kwamba dawa ilitangulia na ufafanuzi ukafuata. Wang alipompa mtoto yule dawa, yule mlinzi aliyebandikwa alikuwa hajajulikana. Alipojulikana ndipo watu walipofahamu kwa nini dawa hii yafaa katika lukemia hii wala haifai hivyo katika nyingine, na kwa nini wagonjwa waliopewa peke yake walirudiwa na maradhi baada ya miezi: mlinzi alilegezwa, lakini shina lake halikung’olewa.

Aliyeling’oa shina ni sumu. Katika miaka ya 1970, mjini Harbin, kaskazini ya China, tabibu Zhang Tingdong na wenzake waliichunguza dawa ya kienyeji iliyokuwa na vitu kadhaa, wakatenga kimoja kimoja mpaka wakaona kwamba chenye nguvu ni aseniki. Hiyo ni ile sumu ambayo madini yake Waarabu wa kale waliyaita zarnikhi. Baadaye ikathibitika kwamba aseniki hukishika kile kipande kilichotoka kromosomu ya 15, na mlinzi aliyebandikwa huvunjwavunjwa na kutoweka. Basi dawa moja humshika huku na ya pili humshika kule, na seli hubaki huru kukua au kufa.

Mwaka 2013 matabibu wa Italia na Ujerumani walitangaza matokeo ya kuzilinganisha njia mbili kwa wagonjwa ambao seli nyeupe zao hazikuzidi sana. Waliopewa asidi na aseniki, bila ya zile dawa kali za kuua, asilimia 97 walikuwa hai baada ya miaka 2 pasipo maradhi kurudi wala tiba kushindwa. Waliopewa asidi pamoja na dawa kali walikuwa asilimia 86. Maradhi yaliyokuwa yakiitwa ya kuua upesi kuliko yote yakawa yatibika kwa dawa mbili zisizomnyoa mtu nywele. Shirika la Afya Duniani liliitia asidi hiyo katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2015, na aseniki mwaka 2019.

MLANGO USIOFUNGIKA

Kuna lukemia nyingine ambayo kosa lake ni kinyume cha hili. Huko mlango ulifungwa ulipopasa kufunguliwa. Huku mlango umebaki wazi ulipopasa kufungwa. Jeni moja ya kromosomu ya 11, iitwayo KMT2A, hukatika na kubandikwa na nyingine. Protini inayotoka hapo huenda ikakaa juu ya milango ya utoto wa seli na kuiacha wazi daima, na seli husoma sura za utoto wala haziachi. Lukemia ya watoto wasiotimiza mwaka mmoja, mara nyingi ni ya namna hii, nayo ni ngumu kwa tiba.

Wataalamu walipoichunguza waliona kwamba protini hiyo mbovu haiwezi kukaa mlangoni pasipo kiti, na kiti chake ni protini nyingine iitwayo menini. Wakatengeneza dawa inayokikalia kiti hicho kabla ya mwenyewe, jina lake revumenibu. Mbovu akikosa kiti huondoka, milango ya utoto hufungwa, na seli huanza kukua. Mwezi wa Novemba 2024 serikali ya Marekani iliiruhusu kwa watu wazima na watoto kuanzia mwaka mmoja ambao lukemia yao ya namna hiyo imerudi au imekataa tiba.

Lakini tusiwadanganye watu. Katika wagonjwa 104 waliopimwa kwa ajili ya ruhusa hiyo, waliotulia kabisa walikuwa kama asilimia 21, na kwa wengi utulivu huo ulidumu karibu miezi 6, si milele. Kwa watu waliokuwa wamekata tamaa ni mengi. Kwa mwenye kutaka kusema kwamba saratani imekwisha ni machache. Elimu hii iko njiani. Lukemia moja imefunguliwa mlango wake vizuri, nyingine zimechunguliwa, na nyingine mlinzi wake hajajulikana.

MASUALI NA MAJAWABU

Nilipoyasomesha haya katika darasa yetu niliulizwa masuali, nami nayaleta hapa kwa faida.

Suali: Aseniki ni sumu. Je, yajuzu kujitibu kwayo?
Jawabu: Wanavyuoni wetu wamelizungumza jambo hili zamani. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameeleza katika Al-Majmuu kwamba dawa yenye sumu kidogo yajuzu kunywewa ikiwa yahitajiwa na ikiwa salama ndiyo iliyo kubwa. Sharti hilo ndilo lile lile la matabibu: kiasi kilichopimwa, mkono wa mjuzi, na moyo na damu ya mgonjwa kuangaliwa kila mara. Mwenye kununua aseniki dukani akajitibu mwenyewe amejiua.

Suali: Je, kuzigusa jeni si kubadilisha maumbile ya Mungu?
Jawabu: Dawa tulizozitaja haziandiki herufi moja katika kitabu cha mwili. Zamwondoa aliyeziba njia, ili maandishi ya asili yasomwe. Huku ni kurudi kwenye maumbile, si kuyaacha. Mwenye kuondoa mtoto wa jicho hakubadilisha jicho.

Suali: Ikiwa dawa yatokana na vitamini A, si yatosha kula karoti, maembe na maini, au kunywa mafuta ya papa?
Jawabu: Haitoshi. Vyakula hivyo ni vyema kwa mwenye afya, na mafuta ya maini ya papa, ambayo wazee wetu waliyapaka vyomboni kwa jina la sifa, yana vitamini hiyo kwa wingi. Lakini mlinzi mgonjwa hatikisiki kwa kiasi cha chakula, na mwenye kunywa mafuta hayo kupita kiasi hujidhuru ini. Asidi yenyewe ni hatari kubwa kwa mimba, na mwanamke asiipewe pasipo tabibu kulijua jambo hilo. Tena yaweza kumletea mgonjwa homa, uvimbe na dhiki ya pumzi katika wiki za mwanzo, na tabibu aliye karibu ana dawa yake. Aliye mbali na tabibu hana.

Suali: Tutaitambuaje lukemia, na homa zetu za pwani ni nyingi?
Jawabu: Hatutaitambua kwa macho. Weupe waweza kuwa malaria, au upungufu wa madini ya chuma, au ugonjwa wa selimundu. Kazi yetu si kutambua. Kazi yetu ni kumpeleka mtu akapimwe hesabu kamili ya damu, na damu yake itazamwe kwa hadubini. Mwenye weupe pamoja na michubuko isiyo na sababu, au kutoka damu fizini na puani kusikokoma, au homa inayorudi, asingoje kesho. Katika lukemia tuliyoieleza matabibu huanza kutoa asidi siku ile ile wanapoishuku, kabla majibu ya mwisho hayajafika, kwa kuwa wanajua kwamba siku moja ni umri mzima.

Suali: Basi kusoma dua kuna faida gani?
Jawabu: Msomeeni mgonjwa njiani mkienda hospitali. Msomeeni kitandani mwake. Mtume wetu alijitibu, akaamrisha watu kujitibu, akafundisha kwamba hapana maradhi yaliyoteremshwa pasipo dawa. Mwenye kuisikia habari hiyo kisha akakaa, hakuifuata. Waliokwenda kutafuta dawa ya maradhi haya kwa miaka mingi, katika vijidudu, katika vioo na katika sumu, walifanya kama waliosadiki kwamba ipo, hata kama wengi wao hawakuisikia hadithi ile.

MWISHO

Mama wa yule kijana yu hai, na kila nikutanapo naye husalimiana nami kwa heshima ambayo siistahili. Nilimwendea kabla ya kuandika makala haya nikamwomba radhi, nikamweleza niliyoyajua sasa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Mwalimu, waambie na wengine.”

Nami nawaambia. Walimu wa vyuo, maimamu, wakunga, mama na baba: hatuwajibiki kuwa matabibu, lakini sisi ndio mlango wa kwanza anaoubisha mgonjwa. Tusiwe walinzi waliobandikwa mahali pasipo pao, tukamfungia mtu njia ya uhai kwa neno moja la kusubiri. Mgonjwa akija, asomewe, na siku ile ile aonyeshwe njia ya kwenda kupimwa damu.

Wabillahi taufiki.